Ukiungua na chai ya moto fungua bomba kwanza, mengine yatafuata

Kama umeungua sasa hivi na mkono unawaka huku unasoma hii, acha kusoma. Nenda bombani, fungua maji yatiririke juu ya sehemu iliyoungua, angalia saa, na usitoke hapo mpaka dakika 20 zitimie. Ukimaliza rudi, ntakuwa bado nipo. Wengine ambao hamjaungua leo tuendelee.

Mimi nimeungua na chai mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 9, tulienda likizo kwa bibi Kibosho, asubuhi ya baridi wote tumezunguka moto jikoni, birika likapinduka chai ya maziwa ikanimwagikia pajani. Bibi alinipenda sana na alifanya kile alichokuwa anakijua, akanipaka dawa ya mswaki paja zima, jioni yakaletwa manyoya ya sungura yakabandikwa juu yake. Hakuna hata mtu mmoja aliyefikiria maji, na ndoo ilikuwa imejaa pale pale mlangoni. Kidonda kile kilikaa zaidi ya mwezi, kikatunga usaha, na kovu ninalo mpaka leo, limekakamaa, nikikaa vibaya linavuta.

Mara ya pili ni mwaka jana mwezi wa saba hapa Majengo, Moshi. Nilikuwa natoa chupa ya chai jikoni naipeleka sebuleni, mfuniko haukuwa umekaza, chai ya rangi ikanishukia nyuma ya mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo. Safari hii nilikuwa nimeshapitia semina ya huduma ya kwanza kazini na nilijua cha kufanya. Leo nikikuonyesha mikono yangu miwili huwezi kuniambia ni upi ulioungua. Najua paja la mtoto na mkono wa mtu mzima sio kitu kimoja, ngozi ya mtoto ni nyembamba na inaungua haraka na kwa kina zaidi, ila kila nikiliangalia lile paja nawaza ile ndoo iliyokuwa mlangoni. Ndo maana naandika hii.

Chai inaunguza kuliko tunavyofikiria

Watu wanaona kama ni chai tu, sio mafuta ya kukaangia wala moto wenyewe. Sasa sikia. Maji ya nyuzi joto 70 yanahitaji kama sekunde moja tu kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya, ya nyuzi 60 kama sekunde tano, na kwa mtoto mdogo ni chini ya hapo. Sisi tuko juu kidogo ya bahari kwahiyo maji ya Moshi mjini yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi na ya Arusha kama 95, lakini hiyo haikusaidii kitu, maana hata ukiiacha chai kwenye chupa nzuri masaa mawili bado inaweza kuwa imezidi 60. Na miezi ya baridi ndo hatari zaidi, kila mtu amevaa sweta, na sweta ikilowa chai inaishikilia ile chai ya moto kwenye ngozi inakuwa kama umefungwa kitambaa cha moto.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, nguo iliyolowa itoke. Sweta, soksi, suruali, kitenge, chochote. Kama bomba liko karibu anza kumwaga maji huku unavua, usipoteze dakika nzima unahangaika na vifungo. Mtoto aliyevaa pampasi na chai imemfikia huko, pampasi inavuliwa hapo hapo maana inanyonya chai ya moto na kuikumbatia. Kitu pekee ambacho usivute ni nguo iliyogandia kwenye ngozi, hiyo mwagia maji juu yake tu na waachie hospitali waitoe. Pete, bangili, saa, cheni, toa mapema kabla hujavimba. Mimi pete nilichelewa dakika chache tu ikawa shughuli kuitoa, ilibidi kutumia sabuni, na kidole kilikuwa kinauma kweli kweli.

Dakika 20 ni dakika 20 za saa

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaweka mkono kwenye maji nusu dakika, wanasikia nafuu, wanatoa. Unapoungua joto halibaki juu ya ngozi tu, linaingia ndani na linaendelea kuunguza huko chini hata kama chai yenyewe umeshaifuta. Maji yanayotiririka ndo yanalitoa lile joto kidogo kidogo, na ndo maana inatakiwa muda. Mimi dakika ya tano nilitoa mkono nikiona kama umepoa, haikupita hata nusu dakika moto ukarudi kama mwanzo, nikarudisha. Dakika ya kumi nilikuwa nalia kwa sababu baridi na maumivu vinachanganyika, maji ya kwetu mwezi wa saba unayajua yalivyo. Dakika ya 15 nikaanza kuona nikitoa mkono hauwaki tena. Nikamalizia zote.

Maji yawe ya kawaida ya bombani, ya baridi lakini sio ya barafu, na yasiwe na presha kubwa ya kupiga kidonda. Yaache yatiririke taratibu.

Bomba likiwa halitoi, na tunajua yapo masiku hayo, chukua ndoo na kopo, mtu mwingine akumiminie polepole huku mkono uko juu ya beseni safi. Ndoo moja ya lita 20 inatosha kabisa kwa mkono ukimimina kwa utaratibu, na maji yakiisha unaweza kuyachota tena yale ya kwenye beseni ukaendelea nayo kama beseni ni safi. Kama ni sehemu isiyowezekana kumiminia kama kifuani, tumia kitambaa safi kilicholowa, ila ubadilishe kila baada ya dakika moja mbili kwa sababu kitambaa kinapata joto haraka na kikishapata joto hakisaidii. Kwa waliopo migombani huko juu ambako maji ya karibu ni ya mfongo, yaani mfereji wa shambani, ukiwa huna kingine poza nayo hayo hayo, kupoza ndo muhimu kwanza, alafu ukipata maji safi suuza vizuri kabla ya kufunika.

Na kama umeungua nusu saa iliyopita au hata masaa mawili na hukuweka maji, bado hujachelewa. Mpaka masaa matatu tangu uungue maji bado yanasaidia. Nenda kaweke.

Kwa mtoto kuna jambo moja la kuangalia sana. Unapoza kidonda, humpozi mtoto. Maji yaende pale palipoungua tu, sehemu nyingine zote mfunike kanga au blanketi kavu, usimtumbukize mzima kwenye beseni. Ukiona anatetemeka sana au analegea na kusinzia, simamisha maji, mfunge vizuri apate joto, na safari ya hospitali ianze.

Watakaokuja na dawa

Ukiungua Moshi hautakaa peke yako, hilo nakuhakikishia. Mimi dakika ya 12 jirani yangu alikuja mbio na tyubu ya dawa ya mswaki mkononi, ni mama wa makamo ninayemheshimu, na alikuja kwa upendo. Sikutaka kubishana naye huku nalia. Nikamwambia, shikamoo mama, asante sana, naomba unishikie simu uniangalizie saa zikifika dakika 20 uniambie. Akafanya hivyo kwa moyo wote na dawa ya mswaki akaisahau mezani. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, kila anayekuja na dawa mpe kazi nyingine, ashike saa, achote maji, atafute kitambaa safi, apige simu. Mtu mzima anayetaka kukusaidia ukimwambia hapana anaumia, ukimpa kazi anatulia.

Ila wewe ujue kwa nini unakataa. Dawa ya mswaki inasikika baridi kwa sababu ya minti, minti inaidanganya mishipa ya fahamu ione baridi lakini joto liko pale pale, tena limefunikwa, na ukienda hospitali lazima waikwangue juu ya kidonda kibichi ndo waone kilichopo, na hapo utaumia mara ya pili. Mafuta ya kula, siagi, mafuta ya nyonyo, yote yanafungia joto ndani. Unga wa ngano unagandana na maji ya kidonda unakuwa kama ugali mkavu. Ute wa yai bichi unaweza kuwa na vijidudu. Manyoya ya sungura, jamani, najua wengi tumekulia nayo na kuna watakaosema waliyatumia wakapona, lakini ni manyoya ya mnyama, yana uchafu wake, na unaubandika kwenye ngozi ambayo kinga yake imeshaondoka. Chumvi na mafuta ya taa sitaki hata kuvieleza.

Barafu nayo hapana. Inaonekana ina akili lakini inabana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ambayo tayari imeumia, na yenyewe inaweza kuunguza kwa baridi. Spiriti inauma na inachubua. Ile dawa ya zambarau, GV, inaficha rangi ya kidonda, daktari akitaka kuona kimeungua kiasi gani haoni kitu. Na kuna ile tabia ya kupasua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda, hii iko sana mtaani kwetu, acha kabisa. Ule ni unga wa antibayotiki ya kumeza, kidonda cha kuungua kwa chai siku ya kwanza hakihitaji antibayotiki, unaweza kukupa aleji, na tukiwa tunamwaga dawa hovyo hivi siku tukizihitaji kweli hazitafanya kazi.

Asali wananiuliza sana. Ipo asali inayoandaliwa maalum kwa ajili ya vidonda na madaktari wengine wanaitumia, ila sio hii ya chupa ya kupimiwa barabarani, na kwa vyovyote haichukui nafasi ya maji. Alovera ni sawa kama ngozi imeungua juu juu tu na haijatoka lengelenge wala haijachubuka, na umeshamaliza dakika zako 20. Ukikata jani acha ule utomvu wa njano udondoke wote maana unawasha, tumia ute mweupe wa ndani peke yake. Kwenye lengelenge lililopasuka usiweke alovera ya shambani.

Sasa angalia umeungua kiasi gani

Picha nyingi za kuungua zinaonyesha ngozi ya mzungu imekuwa nyekundu kama nyanya. Kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone, utaona sehemu imekuwa nyeusi zaidi au kama zambarau, inang'aa, ina joto ukiikaribisha mkono wa pili, na inauma ukiigusa. Hiyo ndo kuungua kwa juu, hamna lengelenge, kwa kawaida inachukua siku tatu mpaka wiki, ngozi inabanduka kidogo basi.

Ikitoka malengelenge, au ngozi ikachubuka chini kukawa na waridi na majimaji na inauma sana, hiyo imeingia ndani kidogo. Bado unaweza kuitibu nyumbani kama ni ndogo na wewe ni mtu mzima mwenye afya, na itachukua wiki moja mpaka tatu. Kuuma hapa ni dalili nzuri, maana yake mishipa ya fahamu ipo hai.

Ikiwa nyeupe, au kahawia, au ngumu kama ngozi ya kiatu, na ukigusa haiumi, usifurahi. Hiyo imeungua mpaka chini, mishipa imekufa, na hata ikiwa ndogo ni ya hospitali.

Hata bila hiyo, nenda hospitali kama sehemu iliyotoka malengelenge ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole vyake (kiganja chake yeye, sio chako, mtoto anapimwa kwa kiganja cha mtoto). Nenda kama ni usoni, sehemu za siri, kwenye kiungo kama goti au kiwiko, au imezunguka kidole au mkono mzima kama bangili, na malengelenge ya kiganjani au nyayoni nayo yaonwe. Nenda kama ni mtoto mdogo na ametoka malengelenge hata kama ni madogo, kama ni mzee, mjamzito, mwenye kisukari, au mtu ambaye kinga yake iko chini. Ukiwa Moshi, hospitali ya Mawenzi iko mjini pale na KCMC iko juu kidogo, Arusha kuna Mount Meru, ila kituo cha afya cha karibu kinatosha kuanzia, wao watajua kama unatakiwa kupelekwa mbele. Muhimu umalize dakika 20 za maji kwanza ndo upande gari, isipokuwa aliyeungua anapumua kwa shida, huyo hasubiri.

Wakati unaonwa ulizia na sindano ya pepopunda kama hukumbuki mara ya mwisho ulichomwa lini.

Kufunika

Mimi yangu ilikuwa ya malengelenge mawili, moja kama maharage na lingine kama shilingi mia, na sehemu yote haikufika kiganja, kwahiyo nikabaki nyumbani. Baada ya maji nilipangusa pembeni tu, kidonda chenyewe nikakiacha kikauke kwa hewa, alafu nikachukua ile nailoni laini ya kufunikia chakula wanayouza supamaketi, nikakata ile mizunguko ya kwanza nikatupa, kipande cha ndani nikakilaza juu. Kukilaza, sio kuzungusha, maana mkono ukivimba ukiwa umezungushiwa nailoni unabanwa. Hiyo haigandi kwenye kidonda na inazuia hewa isikipige, na amini usiamini maumivu yalipungua nusu hapo hapo kwa sababu ya hewa tu kuzuiwa. Huna nailoni, kitambaa safi kilichopigwa pasi kinafaa kwa masaa ya mwanzo.

Jioni nikamtuma kijana famasi akaniletea gozi zile zenye mafuta ya mgando ambazo hazigandi, na bandeji. Zikikosekana, chukua gozi safi ya kwenye pakiti, paka mafuta ya mgando ya kopo jipya ambalo halijaingizwa vidole vya familia nzima, weka juu ya kidonda, funga bandeji bila kukaza. Pamba usiweke, nyuzi zake zinaingia kwenye kidonda na kuzitoa ni mateso.

Famasi wanaweza kukupa krimu nyeupe ya silva sulfadiazini, ni maarufu sana kwa kuungua. Kwa kuungua kudogo kama huku kwa kweli sio lazima, tena inaweza kuchelewesha kupona, na kama una aleji na dawa za sulfa kama Septrin usiiguse. Usoni haipakwi, kichanga hapakwi, na mjamzito asitumie bila kuongea na daktari.

Maumivu usiyavumilie bure. Panadol (parasetamoli) za miligramu 500, mtu mzima mbili kila baada ya masaa sita, na kwa masaa 24 zisizidi nane, ukihesabu na zile zilizojificha ndani ya dawa za mafua. Ibuprofeni au diklofenaki zinasaidia pia, ila kula kwanza, na wenye vidonda vya tumbo, wenye matatizo ya figo na wajawazito achaneni nazo. Mtoto anapewa parasetamoli yake ya maji kwa uzito wake, uliza famasi wapime, na aspirini hapewi. Usiku wa kwanza lala na mkono juu ya mto, ukiwa juu kuliko moyo uvimbe unapungua na ule mpigo wa ndwi ndwi unatulia. Mimi nilijaza mito miwili na nikalala.

Siku zilizofuata

Lengelenge usilitoboe. Najua mkono unawasha kulitoboa, nilikaa siku nne naliangalia. Ile ngozi ya juu ni bandeji uliyopewa na mwili wenyewe na ni safi kuliko gozi yoyote, na yale maji ya ndani sio sumu wala usaha, ni maji ya damu yako tu. Lile dogo lilinywea lenyewe. Lile kubwa lilipasuka siku ya tano nikiwa navaa sweta, nikaosha na maji safi na sabuni ya kawaida isiyo na manukato, ile ngozi iliyolegea sikuivuta nikailaza pale pale, nikafunga upya.

Kufunga upya ni kila siku au kila baada ya siku moja, na papo hapo ikilowa au ikichafuka. Nawa mikono kwanza, hii usiiruke. Gozi ikigandia usiivute kwa nguvu, ilowanishe na maji yaliyochemshwa yakapoa, subiri dakika tano itaachia yenyewe. Ukiivuta unavuta na ngozi mpya uliyokaa siku tatu kuiotesha.

Kazi za maji ndo zilinitesa, vyombo, kufua, kuosha mtoto. Wiki ya kwanza omba msaada, mwambie dada, mdogo wako, mume, jirani, sio uvivu. Kukiwa hamna mtu kabisa vaa glavu juu ya bandeji, fanya haraka, ukitoka badilisha gozi maana ndani mkono unatoka jasho. Vidole viendelee kuchezeshwa, kunja kunjua mara kadhaa kwa siku hata kama ngozi inavuta, vikikaa vimenyooka wiki nzima vitakakamaa.

Chakula kuna watu walinikataza mayai, eti kidonda hakitakauka. Kula mayai. Kula maharage, dagaa, samaki, maziwa, nyama ukipata, parachichi, machungwa, mboga, ngozi mpya inajengwa na hivyo vitu. Na kunywa maji.

Kila unapofungua angalia na nusa. Siku ya tatu maumivu yanatakiwa yawe yanashuka. Yakiwa yanapanda, uvimbe unaongezeka, pembeni ya kidonda pamekuwa na joto na pagumu na eneo hilo linatambaa, kuna usaha, kuna harufu, au umepata homa, hicho kimeingia vijidudu, nenda siku hiyo hiyo. Kwa mtoto hata kidonda kidogo kinachoonekana kizuri, ndani ya zile siku za mwanzo akipata homa, kutapika, kuharisha, upele au akawa mlegevu tu huelewi, mbebe mpeleke haraka na uwaambie aliungua. Hii wazazi wengi hawaijui, wanadhani ni malaria, na inaweza kuwa hatari sana.

Wiki tatu zikipita kidonda hakijafunga, usiendelee kusubiri. Kinachochelewa kufunga ndo kinachoacha kovu baya, na sisi weusi wengi wetu tuna ngozi inayopenda kuota makovu yanayoinuka, hasa kifuani, mabegani na shingoni. Kama kwenu wapo wenye makovu ya hivyo mwambie daktari mapema.

Baada ya kufunga

Mkono wangu ulifunga siku ya 13. Ukifunga utaona pamekuwa pa waridi au peupe, usitishike, rangi inarudi polepole, inaweza kuchukua miezi, na inaweza kupitia kwanza kwenye weusi uliozidi kabla haijatulia. Usipake mkorogo wala krimu za kung'arisha ili palingane, utaharibu. Paka mafuta ya mgando mara mbili tatu kwa siku, au mafuta ya nazi kama ndo unayoyapenda ila sasa kwa sababu pameshafunga, na unapopaka papase kwa kuzungusha kidole taratibu dakika chache, hiyo inalainisha. Patawasha sana, zaidi usiku. Usikune, piga piga kwa kiganja, au weka kitambaa cha baridi.

Na jua. Ngozi mpya haina kinga, na jua letu la mchana ukitembea kutoka Majengo mpaka stendi linachoma kweli hata siku ambazo mlima umefunikwa na mawingu. Vaa mikono mirefu miezi kadhaa. Mimi nilivaa mpaka mwezi wa kumi na mbili, hapo ndo rangi ilikuwa imelingana.

Ukiungua ulimi

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ni fupi, ingawa kwetu huku mtori, ile supu nzito ya ndizi, unaunguza watu kuliko chai, kwa kuwa ni mzito na unashika, chai unaimeza au unaitema lakini mtori unabaki umegandia kwenye kaakaa. Tema, sukutua na maji ya baridi tena na tena dakika kadhaa, unaweza kunyonya kipande cha barafu kwa mtu mzima hapa mdomoni, mtoto mdogo usimpe atapaliwa. Siku mbili tatu kula vitu vya baridi na laini, mtindi, uji uliopoa, parachichi, na kaa mbali na pilipili, limao na chumvi nyingi. Sukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo sana mara tatu kwa siku. Ladha itapotea kidogo, itarudi. Mtu akiungua mdomoni alafu sauti ikabadilika, akashindwa kumeza mate, akatoka udenda au akaanza kuhema kwa shida, hapo koo linavimba, ni hospitali muda huo huo bila kusubiri chochote. Vinginevyo ndani ya wiki ulimi umepona na mtori unaweza kurudi mezani, ukishapoa kidogo.